Mhitimu wa Chuo cha Ng'ambo

Mwenzangu, acha unachofanya unisome.

Kile chuo cha ng'ambo tulichotaka kusomea shahada ya ukunga kwa masafa, tukiwa hapahapa nyumbani, mimi na wewe, leo mshauri wao kanipigia. Sauti tamu, "dada" kila neno. Nikamuuliza, mafunzo ya wodini nitayafanyia wapi? Eti, "Dada, yote yamo kwenye kompyuta."

Kuzalisha? Kwenye kompyuta?!

Hapo machale yakanicheza. Nikamwambia nataka kuongea na mtu aliyemaliza kwao. Akanitajia namba haraka haraka. "Huyu ni mhitimu wetu, mpigie wakati wowote."

Wakati wowote si hata sasa hivi? Simu ya mshauri sikuikata. Nikachukua simu ya mume wangu, nikapiga.

Ikaita kulekule kwa mshauri! Naisikia kwa masikio yangu, inaita mezani pake. "Samahani kidogo, dada." Halafu kwenye simu ya mume wangu: "Haloo, mhitimu hapa."

Mhitimu hapa! Sauti ni ileile, kaikwaruza tu kidogo. Mume wangu kajiziba mdomo kwa mto.

Nikamuuliza, "Masomo yalikuwaje?"

"Mazuri sana, dada."

"Basi nipe mshauri, amekalia kiti chako."

Simu zote mbili zikakatika kwa pamoja.

Sasa kinachonitoa jasho ni wewe. Fomu ulijaza juzi. Vyeti vyako umeshawatumia? Usiandike. Nipigie.