Dawa Uliyonitumia, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku Mungu ametufunika kwa mkono wake. Shemeji yako sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta, jambo ambalo mwaka jana tulikuwa tukiliomba kwa machozi.

Mzigo wako nimeupokea: sabuni, sukari, na dawa ya wadudu kutoka dukani kwako. Asante sana. Tangu baba atutoke hujanisahau hata msimu mmoja, na mimi sina cha kukupa ila dua. Lakini nina neno limenikaa kooni. Kwenye simu ungenikatiza kwa utani wako, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Msimu ule nilipopuliza dawa kwenye kunde nyuma ya jiko, pumu ilimbana shemeji yako palepale mlangoni, tukamkimbiza hospitali. Daktari hakuuliza mengi, aliuliza tu tumepuliza nini. Tangu hapo sijafungua chupa tena.

Basi vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wakaja kama walioalikwa. Mashina ya kunde yakawa meusi kama yamepakwa masizi. Katikati yao nikaona vidudu wengine, warefu, weusi wenye mabaka ya rangi ya chungwa, wabaya wa sura kama mamba aliyefinyangwa na mtoto. Nikasema hawa ndio wakubwa wao. Kila asubuhi nikitoka kusali, nilipita nikiwafinya, na kadiri nilivyowafinya, vidukari walizidi kunenepa.

Jirani yangu, yule fundi cherehani mwenye mdomo, alikuja kuomba giligilani akanikuta kazini. Akainama na miwani yake ya kutungia uzi, akatazama weee, kisha akasema, "Mama, unawaua walinzi wako, halafu unamlilia Mungu kwamba umeibiwa?"

Nami nikainama. Kweli, yule mbaya wa sura alikuwa amemshika kidukari, anamfyonza kama mtu anayemaliza embe. Nikamfungia mmoja kwenye chupa ya jamu, na majani yake. Akajikunja, akatulia siku kadhaa, na alipofunuka alikuwa yule mdudu mwekundu wa madoa meusi tuliyekuwa tukimtembeza kwenye vidole utotoni. Kaka, nililia. Kumbe jibu la dua nilikuwa nalifinya mwenyewe.

Siku hizi giligilani naiacha itoe maua, maana walinzi wangu wakishakuwa wekundu hupenda pia kula chavua. Nyigu nao wanakokota viwavi kutoka kwenye kabichi, na nyuki wanakunywa kwenye beseni nililolijaza mawe wasizame. Shemeji yako anasema bustani imekuwa kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Mboga nyingine zina matobo, lakini tunakula, na jirani anakula.

Sasa lile neno. Chupa zote ulizonitumia tangu siku ile ziko kabatini, hazijafunguliwa. Nilinyamaza kwa sababu ni vigumu kumwambia anayekubeba kwamba mgongo wake unakuchoma. Ningeendelea kunyamaza, lakini kwenye msiba wa shangazi nilikusikia ukikohoa. Ulisema ni vumbi la safari. Kaka, kikohozi kile nimelala nacho kitanda kimoja, siwezi kukifananisha na vumbi. Wifi ameniambia kwamba unapima dawa kwa mikono mitupu, kwenye stoo isiyo na dirisha, na mchana unajinyoosha humohumo juu ya magunia. Usimgombeze. Analia peke yake.

Umeitwa nje kuipokea barua hii kwa sababu aliyeileta hawezi kuingia dukani kwako. Ameomba mwenyewe kuja. Nimemwambia asikubali soda wala maneno matamu, na asirudi kwangu mpaka daktari awe amekisikiliza kifua chako. Funga duka, kaka. Mfuate shemeji yako.

Wifi mkumbatie kwa niaba yangu, na watoto uwabusu. Mungu aliyenirudishia mmoja anisaidie nisimpoteze wa pili.

Ni mimi, kitindamimba wenu.