Unga wa Vidonge Juu ya Migebuka

Gwimo, ndugu yangu,

Barabara ya Kibondo imekaribia Malagarasi. Bado tunabeba kokoto kwa karai, mgongo umechoka, na kwetu Songea sijaenda. Mkeo amepewa kiwanja katika kijiji kipya, huko Titye. Anaendelea kuuza samaki wa moshi, wale migebuka.

Kuna jambo linanisumbua. Unakumbuka ulivyomfundisha kufungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyiza ule unga juu ya samaki, ili wasioze masika? Kambini kwetu pale barabarani ulikuwa unatuambia, "Kuleni, bwana! Samaki huyu ameshatibiwa, na ninyi mnatibiwa humo humo." Tukacheka, tukamla mkavu hivyo hivyo na ugali wa muhogo, bila kumrudisha motoni.

Ulipougua tumbo, daktari wa Kasulu alikupa vidonge vya aina ile ile. Havikufanya kitu. Baada ya mazishi yako aliniuliza tulikuwa tunakula nini. Nilipotaja ule unga alisema hana hakika, ila huenda vijidudu vya kwenye samaki vilikuwa vimeizoea dawa. Nikamwuliza: kitu kisicho na macho wala kichwa kinajifunzaje? Akasema hakijifunzi. Vilivyo dhaifu vinakufa, vigumu vinabaki na kuzaana. Nikafikiria ndago shambani kwetu: unapalilia, majani mengine yanakufa, yenyewe inapata nafasi. Tangu siku hiyo nikimwona mgebuka namtazama sana, kama vile nitaviona.

Lakini ningemwambiaje mkeo bila kumwambia kilichokuua? Jumapili nilikwenda, nikasema yote, maana sijui kuzungusha maneno. Alikuwa anapanga samaki kwenye ungo. Akaacha.

"Shemeji, na wewe si ulikula?"

"Nilikula."

"Sahani moja naye?"

"Moja."

"Mbona wewe uko hai?"

Alivitupa vidonge vyote chooni, na samaki nao, tenga zima. Akanipikia maharage, ila hakukaa kula nami.

Swali lake nitalipeleka kwa daktari, hata kama nitakwenda Kasulu kwa miguu. Nakuahidi, jibu likipatikana nitampelekea yeye kwanza. Wewe utanivumilia, huko uliko huna haraka. Pumzika, ndugu yangu.