Matundu Uliyoyaita Uchafu

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Ujumbe wako umefika. Baada ya mwaka mzima wa kimya, waniomba nisilitaje jina lako katika ripoti ya ile mikono ya chuma ya Marereni. Tena wanisaidia mawazo: niandike kwamba kosa ni la fundi wa kuchomelea. Hukuuliza kama kuna aliyeumia. Nimeonelea nikujibu kwa barua ya wazi, maana siku zote ulipenda watazamaji.

Wakikumbuka chumba chetu cha kazi pale Malindi, juu ya duka la vitambaa? Meza mbili na feni moja, imeelekezwa kwako. Asubuhi ulikuja na mahamri na mbaazi, tukala huku kompyuta ikijikokota kuamka. Mimi ndiye niliyekufundisha kuliandaa umbo kabla ya kulipima. Nilikwambia programu hailioni bomba kama tulionavyo sisi. Hulikata vipande vidogo vidogo, mfano wa wavu, kisha huhesabu kila kipande kimebeba nguvu kiasi gani. Ukiacha ufa mwembamba kama unywele kati ya nyuso mbili, wavu unakatika. Ukiacha tundu dogo, vipande vinajazana pale na hesabu inachukua siku nzima. Ulikuwa umeegemeza kidevu begani mwangu. Nilidhani wasikiliza.

Kisha kiwanda cha chumvi kikatupa kazi. Kilitaka mikono sita ya chuma, yenye uwazi ndani kama bomba, ya kushikilia mkanda unaopitisha chumvi juu ya njia ya wabebaji, miepesi kuliko ile ya zamani, kwa sababu nguzo zilikuwa zikititia kwenye tope. Tulipokwenda kupima, Kadzo, fundi wa kuchomelea, aliitikia shikamoo yako akatuonyesha matundu matatu upande wa chini wa kila mkono wa zamani, madogo kuliko ncha ya kidole.

"Haya ndiyo mnayosahau nyinyi wa kompyuta," alisema. "Maji ya chumvi yataingia tu, hata uzibe vipi. Yakikosa pa kutokea, chuma kinaoza kwa ndani, na nje kimepakwa rangi kama bibi harusi."

"Tumekuelewa, mama."

"Wewe umeitikia. Kuelewa ni kitu chengine."

Wenzake wakacheka, nawe ukacheka. Njiani kurudi ukamwita mshamba.

Wiki ile ile uliyafuta kwenye mchoro wetu wa mikono mipya. "Uchafu huu," ulisema, na matundu yote yakatoweka kwa mpigo mmoja. Nikakwambia uyafute kwenye nakala ya hesabu peke yake. Mchoro wa kutengenezea lazima ubaki nayo. "Sawa, sawa." Hukuwa umetoa nakala yoyote. Kisha ukaiamuru programu iondoe chuma kisichobeba mzigo, nayo ikaupunguza ukuta wa chini mpaka ukawa mwembamba kupita kuta zote. Siilaumu. Haijapata kufika Marereni, haijui kwamba maji yatatuama hapo hapo. Kazi ya kujua ilikuwa yako, na wewe ulikuwa wachagua rangi za picha ya kumwonyesha meneja. Ulisimama mbele yake na mikono yako mizuri, ukasema, "Uzito umeshuka, nguvu imebaki," kama mtu aliyeumba chuma kwa mdomo. Akakupigia makofi.

Mimi niliona. Hili sitakuachia wewe. Nilipoufungua mchoro wa mwisho kuandika vipimo, upande wa chini ulikuwa laini kama kigae. Nikakuuliza. Ukanishika kiganja: "Wazee wangu waja kwenu Jumamosi kuleta posa. Wataka kuniaibisha wiki hii?" Nikatia sahihi. Mikono ikachomelewa kama ilivyochorwa, ikapandishwa, nawe ukaichukua ile picha ya rangi ukaenda kutafutia kazi Nairobi. Ukaipata. Uchumba ukauvunja kwa mistari miwili.

Juzi Kadzo alinipigia simu. "Mwanangu, nimeugonga mkono wa nne nyundo, walia kama mtungi uliojaa. Njoo." Nilimkuta juu ya ngazi na keekee. Alitoboa chini, na ncha ikazama kama yaingia kwenye papai bivu. Maji yakamwagika, mekundu ya kutu. Mbebaji mmoja aliyekuwa akipita akaruka kando na karai lake: "We Kadzo, watuogesha na nguo zetu?" Wote wakacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikiuangalia mkanda uliojaa chumvi juu ya kichwa chake. Nikaenda kumwambia meneja ausimamishe, na njia ifungwe.

Meneja naye aliniuliza kama si kosa la uchomeleaji. Mwaona mambo kwa jicho moja, wewe na yeye. Fundi hana picha ya rangi ya kujitetea nayo. Mkimwandika, hatapata kazi tena kiwanda chochote cha ukanda huu. Ulimdharau kwa kujua, sasa wataka alipie kutojua kwako. Nilikuwa nikidhani kilichonivunja moyo ni kuachwa. La. Ni kwamba nilinyamaza kwa ajili ya mtu mdogo hivi.

Ripoti itasomwa kesho mbele ya wafanyakazi. Leo nimempelekea Kadzo nikamsomea, neno kwa neno, akisikiliza huku anafuta miwani yake ya kuchomelea.

"Na wewe umejitia?" aliuliza.

"Nimejitia, mama."

"Wajua watakufukuza."

"Najua."

Akaivaa miwani, akarudi kwenye chuma chake bila kunipa pole. Nilishukuru.

Basi kaa salama huko uliko, na usiniandikie tena. Majina yako yamo, yote matatu, kwenye mstari wa pili. Mstari wa kwanza ni wangu.

Ni mimi,
yule uliyetaka kumwoa