Nilitaja Chuo Kingine Mbele ya Kanisa Zima

Mpendwa Bi Verlene, naomba msaada wako kabla Agosti haijafika, maana nimedanganya kanisani, tena nikiwa nimesimama, na Jumapili ya Wahitimu hapa Demopolis unajua ilivyo, Mchungaji Pettway anakuita jina, unainuka na joho lako, unataja chuo unachokwenda na watu wanakupigia makofi, na mimi tangu Aprili nilikuwa nimeshakubali nafasi katika chuo cha umma cha Weusi, kile ambako kaka yangu Lavonte alipiga ngoma kwenye bendi, lakini nilipomwona mama ameminya kitambaa chake nikataja kile chuo kikubwa cha jimbo, cha Wazungu, ambacho sikuwahi hata kukijibu. Lavonte alifariki mwaka wake wa kwanza, miaka mitatu na nusu sasa, akiendesha gari kuja nyumbani kwa chakula cha Siku ya Shukrani, na tangu hapo mama husema, "Popote, mwanangu, popote ila kule," nami nataka kule kwa sababu ndiko pekee watu wanakomtaja, nyumbani hatumtaji, na nilipotembelea, mwalimu mmoja wa hisabati aliniita ubaoni, nikamaliza swali, akasema tu, "Haya, linalofuata," ilhali kule kwingine kijana aliyetutembeza aliniuliza mara mbili nacheza mchezo gani, kana kwamba Mweusi hafiki pale ila kwa michezo. Baada ya ibada Dada Ozella, mhudumu wa mlangoni, aliyesoma chuo kile cha Lavonte, alinibana: "Yaani wewe! Sisi tunanuka, siyo?" Mama akamjibu, "Mwache mtoto, Ozella. Angalau huyu atarudi." Sasa ameshanunua mashuka na taulo za rangi za kile chuo kikubwa. Nifanyeje?

Mwongo wa Benchi la Tatu

Mwongo mpendwa,

Pole kwa kaka yako, pole ya kweli. Imeisha hapo, maana sasa nakugombeza.

Agosti mama yako atapakia gari, ataendesha saa mbili nzima, na kukushusha mbele ya bweni lisilo na kitanda chako. Hilo ulilifikiria? Nimesoma barua za wanaume wenye nyumba mbili waliopanga uongo wao vizuri kuliko wewe.

Na hilo la jina la Lavonte, wewe si mtu wa hesabu? Basi hesabu. Wenzake wa mwaka wa kwanza wamehitimu mwezi uliopita. Utafika pale useme, "Mimi ni dada yake Lavonte," na mtoto wa miaka kumi na minane atakuuliza, "Lavonte yupi?" Ukienda kwa ajili hiyo tu, ifikapo Oktoba utakuwa umefiwa mara ya pili.

Lakini kuna kitu umekichomeka katikati kama mtu anayepitisha chupa kanisani: yule mwalimu hakushangaa. Kile chuo kingine sikitukani, kimewasomesha watoto wetu wengi. Ila miaka minne ya kutomshangaza mtu, binti, mimi sikuipata, na bado naitamani. Hiyo ndiyo sababu yako. Nenda kwa hiyo.

Mama yako hana ugomvi na chuo. Nani alimwita Lavonte aje kula? Usimuulize. Anajua.

Mwambie wiki hii, mchana, jikoni, nyinyi wawili tu. Usimtume mchungaji. Anza na "nilidanganya," chuo kije baadaye. Mtaje Lavonte kwa jina. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akilia, mshike, lakini usibadili jibu. Mashuka mtayarudisha dukani, au utayalalia, shuka halijui kusoma. Dada Ozella mwombe radhi mwisho kabisa, yeye ameumia kiburi tu.

Novemba usiendeshe gari kwenda nyumbani kwa chakula kile cha Siku ya Shukrani. Mwambie mapema.

Na kama hatakupeleka Agosti, panda basi. Ukishuka, mpigie. Asipopokea, acha ujumbe kwamba umefika, na ufanye hivyo kila safari, hata kama hatajibu mwaka mzima.