Reli ya Taveta Inapinda Wapi?

Ilford, London

Mjukuu wangu Wakesho,

Hujambo huko Eldoret, na masomo yanaendaje? Sisi tu wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, anakwenda kwaya bila fimbo.

Umeniuliza kwa nini kila mchoro wa reli zangu za mezani, zile za treni ndogo za kuchezea, nauzungusha kwenye kompyuta kabla ya kutandika hata kipande kimoja.

Nilipofika London nikiwa kijana, nilipanga chumba Queensbury kwa Mzee Ramesh, mzaliwa wa Voi kama mimi. Alikuwa na programu ya kuchorea reli hizo, na jioni moja tukaanza kuchora stesheni ya kwetu. Tukakwama kwenye njia ya Taveta, pale inapochepuka kutoka reli kuu.

"Inapinda kulia," akasema.

"Kushoto, Mzee. Mimi nimekulia pale!"

"Na mimi je?"

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe nikampigia simu mama yangu kule Voi, ambaye hatukuwa tumezungumza naye kwa muda mrefu, nikamuuliza. Akacheka sana.

"Kwani mnaelekea Mombasa au Nairobi?"

Tukatazamana. Kichwani mwake Mzee alikuwa akielekea Mombasa, mimi Nairobi. Akauzungusha mchoro kwenye skrini, na kulia kwake kukawa kushoto kwangu.

Baada ya hapo nilimpigia mama kila Jumapili kumuuliza tangi la maji lilikuwa upande gani, au taa zilisimama wapi. Hakuuliza hata mara moja mtu mzima aliye London anataka tangi la maji la nini. Alinieleza tu, kisha akauliza nimekula nini.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Babu yako,
Mwakio