Walivyoiosha Boti Baada Yangu

Nyahera, Kisumu
Jumapili

Mpenzi Kageha,

Kabla ya salamu nikupe sauti. Ni sauti ya ufagio wa njiti ukikwangua mbao zilizolowa maji, nyuma yangu, karibu kabisa na visigino vyangu. Nikiosha vyombo naisikia. Leo kanisani, mchungaji akiomba, niliisikia. Nitakueleza ilikotoka, lakini usije ukadhani nimesahau adabu: u hali gani? Mguu wa mama yako umepona? Na hao wanafunzi wako wa Naivasha, wamekuzoea au bado wanacheka ukiyatamka majina yao? Sisi hapa tu wazima. Mama anakusalimu sana, na anasema ukija usikose viazi vya Kinangop.

Mimi mwenyewe nikiulizwa hali sijui nijibu nini. Siumwi. Nakula. Ila nina kichefuchefu kisichotoka tumboni, na sijajua kinatoka wapi hasa. Nimejaribu kukuandikia kwa simu nikafuta kila mara, maana kwenye simu jambo hili linaonekana dogo, tena la kuchekesha. Kwenye karatasi angalau halitaniletea alama ya mtu anayecheka hadi machozi.

Unajua kwamba mimi na Griffins tulipanga harusi ya Desemba, na wewe ndiwe wa kusimama upande wangu. Usichojua ni kwamba kabla ya harusi baba yake alitupa kazi. Mzee Gordon Obonyo anakaa Milimani, amestaafu kutoka ofisi kubwa, ni mzee wa kanisa, na ana boti Port Victoria inayokwenda visiwani kununua samaki. Shida yake ilikuwa barafu. Huyeyuka kabla boti haijarudi, na samaki wakifika wamelegea wanunuzi hugeuza nyuso. Aliposikia karakana yetu ya Kondele, yangu na Griffins, imeanza kupata wateja, akasema basi mkwe wake ndiye atakayemfungia friza ndani ya boti. Nilifurahi, Kageha. Nilijua pia kwamba ni mtihani. Nikiifanya vizuri ningeingia nyumba ile kama mtu, si kama pambo la mtoto wao.

Kazi yenyewe nikueleze kama ninavyoweza kumweleza mwalimu wa historia. Injini ya boti ile ni ya dizeli, imekaa ndani, katikati. Ina alteneta ndogo, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini kikatoa umeme, lakini umeme wake unatosha kuwashia injini na taa moja tu. Tulitaka injini izungushe alteneta ya pili, kubwa, nayo ijaze betri. Kisha inveta iugeuze umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ili friza iendelee kugandisha hata injini ikizimwa kisiwani watu wakipima samaki. Nilichora, nikapima. Chuma cha kushikilia alteneta nilikichomelea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkanda ulikaa upande na ungelika upesi. Betri na inveta nikazipangia sanduku la mbao mahali mawimbi hayafiki, lenye matundu ya hewa na kufuli. Ufunguo mmoja nilikaa nao mimi, mwingine Griffins.

Siku ya kwanza nilipotaka kupanda, nahodha, mtu mmoja aitwaye Odongo, alisimama kwenye ubao wa kupandia akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Akauliza tena, macho chini. Griffins alielewa kabla yangu, akacheka, akaninong'oneza kwamba mtu anataka kujua kama niko mwezini. Huku ufuoni wapo wanaume wanaoamini kwamba mwanamke aliye katika siku zake akikanyaga boti, samaki hukimbia na upepo mbaya huja. Nilihisi uso wangu ukichemka. Odongo hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Dada, si mimi," akaniambia. "Mimi hata damu ya samaki naoga nayo. Ni ziwa ndiyo inakataa."

Karibu nasi alikuwa Mama Naswa, mwanamke wa Port Victoria anayenunua samaki wa boti ile na kuwauza sokoni, amekaa juu ya beseni alilolipindua. Alimuuliza Odongo kama wale mbuta majike wenye mayai tumboni huwa wanaulizwa siku zao kabla hawajavutwa botini. Ufuo mzima ukacheka. Odongo naye akacheka, akanipisha. Nilifanya kazi siku nzima nikiamini jambo limeisha. Jioni, niliposhuka tu, nikasikia ufagio. Nilipogeuka nilimwona Odongo akimwaga maji mahali nilipokuwa nimepiga magoti, akifagia kuelekea ziwani, taratibu, kama mtu anayetoa kinyesi cha kuku.

Ikawa hivyo kila jioni. Nilimweleza Griffins, akasema nivumilie, hao ni watu wa maji, sisi tumesoma. Nilivumilia. Lakini chukizo linaambukiza, Kageha. Asubuhi moja nilijikuta naosha miguu kwa sabuni mara ya pili kabla ya kwenda kazini. Siku nyingine nilijinusa mikono, nikiwa peke yangu karakanani, nikitafuta harufu nisiyoijua. Waliokuwa wakiniosha walikuwa wamefaulu kunifanya niwasaidie.

Kazi ilipokaribia kwisha siku zangu zikaja. Nilimwambia Griffins jinsi mtu anavyomwambia mwenzake, kwamba tumbo linakata, anibebee betri ya mwisho. Hakuna mwingine niliyemwambia, hata Mama. Nilikwenda Port Victoria kama kawaida, nikafunga nyaya zilizobaki, nikajaribu kila kitu. Injini ilinguruma, alteneta ikajaza betri, friza ikaanza kuota ukungu mweupe ndani. Nilifunga sanduku nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sasa naionea haya.

Siku ya kuizindua boti Mzee Gordon alikuja na watu wa kanisa, wakaomba, wakaimba. Mimi niliambiwa kwa upole kwamba nafasi haitoshi, nisubiri ufuoni na akina mama. Griffins alipanda. Waliondoka asubuhi na kurudi alasiri, na harufu ilitufikia kabla ya kamba ya kufungia boti. Inveta ilikuwa imekufa mara tu walipoiwasha kisiwani, na wao, badala ya kurudi au kutafuta barafu, waliendelea kujaza friza wakiomba Mungu. Friza iliyokufa juani ni oveni. Mama Naswa alipanda kuchukua samaki wake. Alimshika mbuta kwenye shavu amwinue, na shavu likabaki mkononi mwake. Macho yalikuwa yamefunikwa na utando kama maziwa yaliyoganda. Maji mekundu yalitiririka kutoka chini ya friza, yakapita kwenye mbao zilizofagiliwa sana.

Ndipo maneno yakaanza. Mmoja wa wavuvi alisema waziwazi, mbele ya kwaya, kwamba walijua, fundi alipanda akiwa mwezini. Si kwamba alikisia. Aliitaja siku yenyewe. Nilisimama pale kama niliyevuliwa nguo. Mzee Gordon alinisogelea akaniambia, kwa sauti ile ya kusomea matangazo kanisani, "Mwanangu, ungetuambia tu."

Griffins akainua mikono kuwatuliza. "Jamani, hakuna mambo ya damu hapa," alisema. "Ni waya. Adero alikosea kuunganisha." Kwa muda mfupi, Kageha, nilidhani ananitetea.

Kesho yake nilirudi na ufunguo wangu. Kufuli lilikuwa zima, halijaguswa na chuma. Nilipofungua sanduku nilikuta vipande vya majani yaliyopondwa vimekauka juu ya betri, na matope ya kijani yameganda kwenye vichwa vya nyaya. Matundu ya hewa ya inveta yalikuwa yamezibwa na nyuzi za mizizi, na ndani imeungua ikawa nyeusi. Sikuhitaji kifaa cha kupimia. Harufu niliitambua tangu utotoni: manyasi, ile dawa ya majani na mizizi ambayo watu wetu huichanganya na maji kumsafisha mtu au kitu kilichoingiwa na uchafu. Kuna mtu aliyafungua maskani ya umeme akayamwagia maji ya dawa ili kunitoa mimi humo.

Nilimfuata Odongo kwa hasira, maana ufagio wake ndio nilioujua. Hakukasirika. Alisema yeye hufagia sakafu, mahali miguu ilipokanyaga, na hajawahi kujificha. Akalitazama banda la kushonea nyavu pale ufuoni kama anayetafuta mtu wa kumsaidia kusema, kisha akasema.

"Hiyo sanduku ni Griffins alifungua, dada. Mzee alisimama hapo kando, ametoa kofia. Kijana ndiye alimwaga. Hata aliuliza kama amwagie betri zote ama moja inatosha."

Nilimkuta Griffins Kondele, karakanani, akikunja waya. Hakukana. Labda angekana ningebaki na kitu cha kugombania. Alisema haamini mambo hayo hata kidogo, ni maji tu, na mzee alikuwa hapati usingizi kwa kuwaza boti yake. Nikamuuliza baba yake alizijuaje siku zangu. Akajibu kwamba aliulizwa, na hawezi kumdanganya mzazi. Waliyaongea wakinywa chai Milimani. Nikamuuliza, na lile la waya nililokosea? Hapo ndipo alipokasirika, mara ya kwanza.

"Ulitaka nisimame mbele ya kanisa niseme mzee wa kanisa anatumia manyasi?"

Basi niliona yote kwa wazi. Jina la baba yake lilihitaji kitambaa cha kufunikiwa, na kitambaa kilichokuwa karibu nilikuwa mimi. Kisha, akidhani ukimya wangu ni kukubali, alilainika, akanishika bega, akaniambia tukishaoana mambo yatakuwa rahisi, tutapanga kwa kalenda tu. Atakuwa ananiambia siku za kutokanyaga botini, nami nitakuwa na kazi nyingine za kufanya karakanani. Alilisema kama anayenipa zawadi. Niliutazama mkono wake begani mwangu, mkono safi, kucha zimekatwa, nikafikiria ukishika jagi lile la maji ya kijani, ukimwagia kazi yangu bila hata kuamini. Odongo ninaweza kubishana naye. Anaamini, na mtu anayeamini ana mahali pa kushikwa. Huyu hana. Atamwaga chochote, popote, juu ya yeyote, ilimradi mzee alale.

Niliuondoa mkono nikatoka. Nilitapika kando ya barabara, mbele ya vijana wa bodaboda, na mmoja wao akaniuliza kama ni mimba. Nilicheka. Sikuweza kuacha kucheka.

Nilirudi Port Victoria nikamwonyesha Mama Naswa majani yale, kwa sababu samaki waliooza walikuwa wake na alistahili kujua waliuawa na nini. Sikutaka kupozwa, naye hakunipoza. Alisema ningemwambia mapema angewaleta wanawake wote wa soko waape wako mwezini, hao wanaume waioshe boti mpaka izame.

Baba nilimweleza Ijumaa. Alisema wanaume hufanya mambo kwa ajili ya baba zao, na Griffins hakunipiga, hakunisaliti na mwanamke mwingine. Akaniomba ningoje wazee wakutane. Mama alikwenda jikoni, na niliposikia akivunja kuni kwa nguvu nilijua yuko upande gani.

Basi, Kageha, msalimie mama yako, mwambie apake mguu mafuta ya moto na asipande ngazi. Wasalimie wanafunzi. Kile kitambaa cha harusi ulichonunua kishone sketi ya kazini, kinakupendeza. Na usimpigie Griffins simu kunisemea, wala usimpigie Baba, kwa maana hakuna tena cha kuombea. Ng'ombe walioletwa hapa kwa ajili yangu walipakiwa kwenye lori jana asubuhi kurudi kwa Mzee Gordon. Wajomba walikataa kuwashika, wakasema hilo si jambo la msichana na kwamba halijawahi kuonekana. Nilifungua boma mwenyewe, nikawatoa mmoja mmoja kwa kamba, nikiwa katika gauni la nyumbani, na majirani wamesimama kwenye ua wakitazama. Yule wa mwisho alikataa kupanda. Nilimsukuma.

Ni mimi rafiki yako,
Adero