Duka Ndiyo, Kukaa Hapana

Kicukiro, Jumamosi, Julai 1992

Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Niko mpweke. Naliandika neno hilo mapema ili nisije nikalizungukazunguka ukurasa mzima, kama ninavyofanya siku nyingine.

Habari yenyewe ya leo ni njema, kila mtu ananipongeza. Kiwanja changu kimekubaliwa kwa biashara.

Nimeendesha lori tangu ujanani, Kigali hadi Mombasa na kurudi. Safari hizo ndizo zilizoijenga nyumba hii, lakini kuishi ndani yake sikuishi. Nilikuwa nikija kulala, kufua nguo na kuondoka. Mke wangu alichoka kunisubiri, akarudi kwao Bujumbura, wala simlaumu. Kisha vita vikaanza kaskazini, barabara ya Gatuna ya kwenda Uganda ikafungwa, tajiri wetu akauza malori. Nikashuka kwenye lori nikaingia nyumbani kwangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nawajua wauza chai wote kutoka Malaba hadi Mombasa, ila jirani yangu simjui hata jina.

Ndiyo maana nikapata wazo la mgahawa. Chumba cha mbele kinatazama njia. Ningeweka mabenchi ukutani, chai ya maziwa, maandazi ya moto, basi. Nimejifunza barabarani kwamba mtu akishakaa na kikombe mkononi atakuambia hata magonjwa ya mama mkwe wake. Utajiri sikuutaka. Nilitaka watu wakae.

Nilipokwenda ofisi ya komini, yaani serikali yetu ya mtaa, kuuliza, bwana wa viwanja alinifunulia ramani ya mtaa wetu. Viwanja vinavyogusa lami ni vya biashara kubwa: baa, hoteli, hata ghorofa kwa mwenye uwezo. Mstari wa pili, ambako ndiko niliko, ni wa makazi. Mtu wa mstari wa pili anaweza kuruhusiwa biashara ndogo, mradi ajenge kwa matofali ya kuchoma, aache nafasi ya mtaro, na majirani anaopakana nao waje wakae nyumbani kwake, waseme mbele ya konseye, yaani diwani wa sekta, kwamba hawana neno.

Akaniuliza majina ya hao majirani. Nikamwambia nitayaleta.

Ikabidi nipige hodi. Aibu iliyoje, mtu mzima na mvi zangu kujitambulisha kwa watu niliopakana nao miaka yote. Mama Speciose, ambaye ua wake wa miti ya miyenzi ndio ua wangu, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Muzee, mimi nilikuwa najua hiyo nyumba iko ya kampuni," akasema. "Sikujua iko mutu ndani."

Nilicheka naye pale. Nilipofika ndani kicheko kilikwisha, nikakaa kitandani na viatu vyangu hadi giza likaingia.

Leo basi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, wakaja. Nilikuwa nimeazima viti kanisani. Hapa kwetu ukiita watu washuhudie jambo la kiwanja huwezi kuwaacha na koo kavu, kwa hiyo nilitafuta pombe ya ndizi kwa wanywaji na soda kwa walokole. Alikuja Mama Speciose na shemeji yake. Alikuja mwalimu mstaafu anayekaa nyuma yangu, pamoja na mkewe. Walikuja hata watu ambao hawapakani nami kwa upande wowote, ila walikuwa wanapita wakaona viti.

Nao wakakaa!

Bwana wa viwanja alichelewa, Mungu ambariki. Mama Speciose alimtania mwalimu kwamba kwenye umuganda jembe alilishika tu, hakulitumia. Shemeji yake akaniuliza kama ni kweli Nairobi watu hulipia choo. Nikamwambia ni kweli, na ukiwa na haraka wanakusoma usoni bei inapanda. Walicheka mpaka mwalimu akamwaga pombe. Mke wa mwalimu aliinuka akaingia jikoni kwangu kutafuta kitambaa bila kuniuliza. Bila kuniuliza, utadhani amezoea. Nusura nilie mbele za watu.

Kisha bwana wa viwanja akafika na konseye. Akapima uso wa nyumba, akatazama upande wa mtaro, akawauliza majirani kama wana neno. Hawakuwa nalo. Ndipo akatoa uamuzi, akiwa amesimama.

"Duka, ndiyo," akasema. "Kukaa, hapana. Mutu anunue, aende kwake. Mabenchi iko huko kwa lami."

Alieleza kwa upole kwamba kwenye mstari wa pili mahali pa kukaa hugeuka baa upesi, na kanisa liko karibu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, maana yeye anapenda kimya chake. Si watu wabaya hawa. Wakanipa mkono wa pongezi mmoja mmoja, wakanirudishia glasi, wakaondoka.

Nikabaki na viti.

Hapo akaingia Fransisi, anayeuza saruji na misumari kule kwenye lami. Alikuwa ameshasikia. Akatembea chumba hadi chumba akigonga kuta. Tukivunja ukuta wa kati, alisema, tutapata stoo nzuri, na mlango wa gari utakaa ubavuni. Mji unakuja upande huu. Siku moja mstari wa pili nao utaruhusiwa ghorofa, na hapo kiwanja hiki kitagombaniwa. Anataka kukodi mbele yote, mimi nikae nyuma.

"Muzee, hakuna mutu atakusumbua," akasema. Alidhani ananipa zawadi.

Anataka jibu Jumatatu, la sivyo atachukua nyumba ya ng'ambo ya njia. Kila alichosema ni cha maana. Akiba yangu ya lori inakwisha, na kazi nyingine siijui.

Lakini kuna neno ambalo bwana wa viwanja alilitamka haraka kabla ya kufunga mkoba wake, kama mtu asomaye kitu kisichotumika kamwe. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kuupinga. Akipinga, ruhusa inawekwa kando, na majirani wanaitwa upya nyumbani kwake.

Nimelifikiria neno hilo tangu waondoke. Nitapinga nini? Nimepewa ruhusa ambayo wenzangu wanaililia. Fransisi hatanisubiri. Konseye atasema shoferi ameharibiwa akili na jua, na pengine Mama Speciose atasema hivyo hivyo, kwa sauti, akiwa ameketi pale pale uani na glasi yake.

Jumatatu asubuhi nitakwenda komini kupinga. Nitashindwa, najua. Ila kwa sheria yao wenyewe, siwezi kushindwa kabla watu hawajaja kukaa.